Namna ya kusikiliza vinanda vya Genesis, Yes na Emerson

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Napiga kinanda kwenye kwaya ya usharika wetu, mwaka wa sita sasa. Mjomba wangu aliyeishi Uingereza miaka ya 70 ameniachia muziki wake wote wa roki ya progresivu: Genesis, Yes, Emerson, Lake & Palmer na wengine. Anasema hao ndio wapiga kinanda hasa. Nimejaribu kusikiliza. Ufundi nauona, lakini ikifika dakika ya tatu nimeshapotea, sijui tumetoka wapi wala tunaelekea wapi. Mwenzangu wa kwaya anasema ni mbwembwe za vidole tu. Nisikilize nini?*

Jibu: Marahaba. Swali lako nalijua vizuri, maana wanafunzi wangu wengi wameniuliza, na mimi mwenyewe nilikaa nalo miaka miwili kabla sijapata pa kushika.

Unapotea kwa sababu unafuata mkono wa kulia. Sisi tuliokulia kwenye kinanda cha kanisa tumezoea kwamba wimbo uko juu, kwa soprano, na alto, teno na besi wanaubeba. Ukishaishika sauti ya kwanza, umeushika wimbo. Kwa Tony Banks wa Genesis, Keith Emerson au Rick Wakeman wa Yes, noti za juu mara nyingi ni majani tu, na mti wenyewe uko chini. Wanachukua wazo dogo, wanalitambulisha mapema, halafu wanalihamisha: leo liko kwenye piano, baada ya dakika nne liko kwenye sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) na dramu zinapiga chini yake. Asiyelitambua linaporudi huona vitu vipya vinamwagika tu bila mpango. Akilitambua, ule wimbo wa dakika kumi unakuwa na milango na vyumba, naye anajua yuko chumba gani.

Kwa hiyo usisikilize vyote alivyokuachia mjomba. Chukua wimbo mmoja ukae nao wiki nzima. Mimi huwaanzisha watu na *Firth of Fifth* wa Genesis, uliomo kwenye albamu *Selling England by the Pound* ya 1973. (Jina lake ni mchezo wa maneno: Firth of Forth ni mlango wa mto huko Uskoti, na Forth ikitamkwa inakaribia neno la Kiingereza la "wa nne", wao wakaufanya wa tano.)

Wimbo unaanza na piano peke yake, piano kubwa ya kweli, kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Noti zinatiririka bila kituo, mikono miwili ikisukana. Ukijaribu kupiga mguu sakafuni utafanikiwa kidogo, kisha mguu utajikuta umekanyaga mahali pasipo pigo. Si kosa lako. Ukipata nota zake utakuta vipimo vya 2/4 vimechanganywa na 13/16 na 15/16. Namba hizo zinatisha kuliko zinavyostahili. Tuhesabu pamoja. Pigo moja la kawaida tunaligawa noti nne ndogo. Mapigo matatu ni noti 12. Ongeza moja, ni 13. Mapigo manne ni noti 16. Toa moja, ni 15. Basi hapo ndipo siri ilipo: mahali pamoja Banks anakuchelewesha kwa noti moja ndogo, mahali pengine anakuwahi kwa noti moja ndogo. Sikio halishiki hesabu hiyo. Linachosikia ni kwamba muziki hauna pindo, hauonyeshi ulipoungwa.

Nilijifunzia ukurasa huo kwenye piano ya shule yenye kitufe kimoja kisicholia, nikihesabu kwa sauti hadi koo likakauka. Kila nikifika kwenye noti ya 13 nilikuwa naisukuma kama mzigo wa ziada. Mwalimu wangu akanifunika mikono kwa mikono yake, akasema, "Usihesabu. Iimbe." Nikaimba, pole pole, kwa "la la la" kama mtoto. Niliporudia mara ya tatu ile noti ikaacha kuwa ya ziada. Ilikuwa ni pumzi, ile ambayo mwanakwaya huivuta kabla ya kuanza mstari unaofuata. Tangu siku hiyo sijawafundisha watu 13/16 kwa kuhesabu kwanza. Nawaimbisha kwanza, hesabu inafuata kuthibitisha.

Sasa endelea na wimbo. Piano ikiisha, sauti ya Peter Gabriel inaingia na ogani inashuka kwa makodi mazito (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja), yanayotembea hatua kwa hatua kama zaburi. Hapo utajisikia nyumbani. Baada ya beti kunakuja melodi ya filimbi, ya huzuni, piano ikiwa chini yake. Ikariri melodi hiyo, utaihitaji baadaye. Kisha karibu na katikati ya wimbo sinthesaiza inaingia kwa kasi, besi na dramu zimeikamata, na hapa ndipo wewe unapopotea kila mara. Simama hapo. Rudisha nyuma. Hicho unachokisikia ni ile piano ya mwanzo. Wazo ni lile lile, vipimo ni vile vile vya ajabu, ila sasa chombo ni sinthesaiza ya ARP inayotoa noti moja moja tu, na Phil Collins kwenye dramu anaonyesha waziwazi yale mapigo ambayo mwanzoni piano iliyaficha. Kilichokuwa siri ya mtu mmoja chumbani kimetoka barazani.

Halafu gitaa la Steve Hackett linaingia na solo ya karibu dakika tatu. Watu wengi wanaipenda solo hiyo bila kujua kwamba ni ile melodi ya filimbi, imepunguzwa mwendo na kunyooshwa, na nyuma yake Banks ameshikilia sauti pana za Mellotron, kinanda cha tepe nitakachokieleza hapa chini. Kwa hiyo ramani nzima ni hii: piano, halafu filimbi, kisha piano ile ile kwa sinthesaiza, na filimbi ile ile kwa gitaa. Barua mbili, kila moja imesomwa mara mbili, na msomaji wa mara ya pili ana sauti tofauti na wa kwanza. Ukishaliona hilo huwezi tena kupotea ndani ya wimbo huu, hata ukiamshwa usiku.

Jambo la pili ni vyombo vyenyewe, maana wewe labda unacho kinanda cha kisasa chenye sauti mia tano na kila sauti inakutii. Wao hawakuwa nacho. Kila chombo kilikuwa na ukaidi wake, na sehemu kubwa ya ufundi unaousikia ulizaliwa kwa kuishi na ukaidi huo.

Ogani ya Hammond ni ndugu yako wa karibu. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1935, na makanisa yasiyomudu ogani ya mabomba yalikuwa wateja wake wakubwa. Emerson alipiga modeli ya C-3, ambayo ndani ni sawa na ile B-3 maarufu, ila kasha lake limefunikwa mbele kwa ajili ya kukaa kanisani. Ndani yake kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka karibu na sumaku, na juu ya vitufe kuna vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila seti, vya kuchanganyia sauti. Lakini haijui umebonyeza kwa nguvu au kwa upole. Piga ngumi au gusa kwa kidole cha mtoto, noti itatoka sawasawa. Sasa jiulize: kama nguvu ya kidole haina maana, hisia zitatoka wapi? Zinatoka kwenye mguu wa kulia ulio juu ya pedali ya sauti. Zinatoka kwenye mkono unaovuta vijiti katikati ya mstari, na kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake mna pembe inayozunguka: ikienda pole pole sauti inayumba kama mtu anayewaza, ikiongezwa kasi inatetemeka. Na zinatoka kwenye urefu wa noti. Mpiga Hammond mzuri utamjua kwa anavyoachia kitufe, si kwa anavyokibonyeza. Kuna pia mlio mdogo, "tik", mwanzoni mwa kila noti. Watengenezaji waliuona ni kasoro. Wapigaji wakaupenda, kwa sababu ndio unaofanya mistari ya kasi isikike noti kwa noti badala ya kuwa uji.

Mellotron ni kinyume chake kabisa. Ilitengenezwa Birmingham, na ile ya M400, iliyotoka 1970, ina vitufe 35. Chini ya kila kitufe kuna utepe wa sumaku, kama wa kaseti lakini mpana zaidi, uliorekodiwa noti moja ya fidla, filimbi au kwaya ya kweli. Ukibonyeza, utepe unavutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Urefu wake ni kama sekunde nane tu, na baada ya hapo ni kimya. Utepe unachelewa kidogo kuanza na unatikisika kidogo ukiwa njiani, ndiyo maana "kwaya" ya Mellotron inasikika kama watu waliosimama kwenye ukungu. Huwezi kupigia mistari ya kasi chombo cha namna hiyo. Unaweza kupiga makodi mapana, na ukitaka kodi ikae zaidi ya sekunde nane unainua kidole kimoja na kukirudisha, kisha kingine, mkono unatambaa kama buibui ili springi zipate nafasi ya kurudisha tepe bila sauti yote kukatika. Sikiliza mwanzo wa *Watcher of the Skies*, wa Genesis, wa 1972. Ni Mellotron peke yake, makodi makubwa yanayopanda na kushuka kwa zaidi ya dakika nzima. Hakuna kasi hata kidogo, na ni mojawapo ya kurasa ngumu kuzipiga vizuri katika muziki huu wote.

Minimoog, sinthesaiza ya 1970 pia, hutoa noti moja tu kwa wakati. Hakuna kodi. Kwa sababu hiyo mkono wa kushoto uko huru, na upande wa kushoto wa vitufe kuna magurudumu mawili: moja la kupindisha noti, jingine la kuitikisa. Mpigaji anakuwa kama mwimbaji, au kama mpiga zumari. Ukiisikia sinthesaiza inalia na kuteleza kutoka noti hadi noti, usitafute harmonia ndani yake. Ifuate kama unavyomfuata mtu anayeimba peke yake. Mfano mfupi na mzuri ni mwisho wa *Lucky Man* wa Emerson, Lake & Palmer, wa 1970, ingawa hapo Emerson anatumia ile Moog kubwa, kabati zima la waya na vifundo vya kuzungusha.

Banks mwenyewe anatupa ushahidi wa jinsi chombo kinavyoamua muziki. Kwenye albamu ya jukwaani ya Genesis, *Seconds Out* ya 1977, *Firth of Fifth* inaanza moja kwa moja na uimbaji. Ile dakika ya piano haimo. Piano ya umeme aliyokuwa akitembea nayo miaka hiyo, RMI, haikuwa na mguso: kila noti ilitoka na nguvu ile ile, na ukurasa ule bila kupanda na kushuka kwa nguvu ni cherehani inayoshona kitambaa kisichokuwepo. Akauacha. Mimi namheshimu sana kwa hilo.

Baada ya hapo fuata mkono wa kushoto. Hapa mwalimu wako awe Emerson kwenye *Tarkus* ya 1971, kazi iliyochukua upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 20. Sehemu ya kwanza, *Eruption*, inaenda kwa mapigo matano. Mkono wa kushoto unarudia mchoro mmoja, unarudia, hauchoki, na mkono wa kulia unatupia juu yake makodi yasiyo na utamu wa kawaida. Wewe umezoea kodi za do-mi-so. Yeye anapanga noti kwa hatua za nne, do-fa-si iliyoshushwa, ndiyo maana sauti yake ni ngumu kama chuma na haijulikani ni ya furaha au ya huzuni. Kaa kwenye kinanda chako, tafuta ule mchoro wa mkono wa kushoto kwa sikio, hata ukikosea noti mbili tatu, uupige dakika mbili mfululizo bila kusimama. Mkono utauma kwenye kiwiko. Baada ya hapo rudi kwenye rekodi. Hutamsikia Emerson kama ulivyomsikia jana.

Ukishazoea, nenda kwenye *Supper's Ready* wa Genesis, wa 1972, karibu dakika 23, na uitafute sehemu inayoitwa *Apocalypse in 9/8*. Besi na dramu zinapiga tisa, lakini si tatu-tatu-tatu kama tulivyozoea kwenye ngoma zetu. Ni tatu, mbili, nne. Piga makofi: MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili, MOJA-mbili-tatu-nne. Endelea mpaka mikono iende yenyewe, kisha isikilize ogani ya Banks juu yake. Haifuati! Inatembea kwa hesabu zake, mistari yake inaanza na kuisha mahali ambapo tisa haijaisha, na kila inapokutana na mapigo ya chini unasikia kama milango miwili imefungwa kwa pamoja. Sikio la mtu wa kwetu lina faida hapa. Aliyekua akisikia muziki wa dansi anaweza kufuata gitaa la solo na la ridhim kwa pamoja bila kuyachanganya, wala hakufundishwa na mtu. Tumia sikio hilo hilo.

Kuhusu mwenzako anayesema ni mbwembwe. Asibezwe, maana mbwembwe zimo. Emerson alichomeka visu kwenye vitufe vya ogani jukwaani, na ingawa kisu kile kilishikilia noti iendelee kulia, watu walikuja pia kuona kisu. Zipo solo kwenye rekodi za jukwaani za enzi hizo ambazo mimi naziruka. Kipimo changu ni hiki: ondoa kichwani noti zote za kasi, ubaki na besi na kodi. Kama kilichobaki bado kinakwenda mahali, ni muziki. Kama kilichobaki ni kodi moja imesimama dakika tatu ikisubiri vidole vichoke, mwenzako yuko sahihi kwa wimbo huo. *Firth of Fifth* inapita kipimo hiki kwa urahisi. Ukizipiga besi zake peke yake, bado unasikia safari.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisa, usiache *Close to the Edge* wa Yes, wa 1972. Ni karibu dakika 19, na katika sehemu ya tatu, sauti zikiwa zimetulia kabisa, inaingia ogani ya mabomba ya kanisa la St Giles-without-Cripplegate, London, ikipigwa na Wakeman. Baada ya vyombo vyote vya umeme, hewa halisi inapita kwenye bomba halisi, na unausikia ukubwa wa jengo. Usisome kitu wakati huo wala usishike simu.

Siku utakapotaka mtihani, wapo Gentle Giant. Mpiga kinanda wao, Kerry Minnear, alisomea utunzi Royal Academy of Music, na bendi ile hugawa melodi moja kwa vyombo vitatu au vinne, kila kimoja kikidondosha noti zake kwenye mianya ya mwenzake. Ukitaka kuelewa wanachofanya, tazama kwanza Waganda wawili wakipiga amadinda, marimba kubwa ya mbao, wamekaa pande mbili za vibao vile vile, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Bendi hiyo ni ya mwezi wako wa tatu wa kusikiliza, usiifungue sasa.

Neno la vifaa. Spika ya simu inameza mkono wa kushoto wote, na humo ndimo nilimokutuma. Tumia visikilizio vya kawaida vya kuvaa masikioni, si lazima viwe vya bei. Programu nyingi za kusikilizia zinaweza kupunguza mwendo bila kuzifanya noti ziwe nzito: weka robo tatu ya kasi, na ile dakika ya piano itafunguka. Siku mbili za kwanza sikiliza tu. Siku ya tatu imba besi. Siku ya nne imba ile filimbi hadi uijue bila rekodi. Siku ya tano chukua karatasi, sikiliza wimbo wote bila kusimamisha, na uandike dakika na sekunde ya kila mahali unapoamini kwamba kitu ulichokisikia kimerudi. Usikose mwisho kabisa, baada ya uimbaji kuisha, ambapo piano inabaki peke yake na kufifia. Sikiliza inafifia na nini. Kisha nitumie karatasi hiyo, na uniambie umezipata sehemu ngapi. Mimi mara ya kwanza nilizipata mbili.